Viti vya Mama wa Nzisa

Kwa miaka kumi na tisa Kalunde alivisha upya viti vya watu wengine, na nyumbani kwake mwenyewe wageni walikalia stuli na kreti za soda zilizopinduliwa. Hakuona aibu. Kila mtu pale Kwa Vonza alijua kwamba vitu vizuri vinavyoonekana barazani kwake vina wenyewe. Sofa ya mwalimu mkuu, viti vya mbele vya kanisa, kiti cha kinyozi wa stendi: vililetwa vikiwa vimetoboka na sponji zikining'inia, vikakaa siku nne tano, vikarudi kwao kama vipya.

Kazi hiyo aliijua kwa kutazama. Mumewe, Mbuvi, aliondoka mtoto wao Nzisa akiwa na miaka mitano. Alikuwa dereva wa lori la machungwa, na safari moja ya kwenda Matiliku ikawa ndefu mpaka watu wakachoka kuuliza atarudi lini. Huko alimpata mwanamke aliyeitwa Kasyoka, akajenga, akaanza kununua na kuuza maembe. Kalunde akaenda mjini Kitui kufagia karakana ya fundi wa sofa, na huku akifagia, akawa anaangalia. Mwaka wa pili fundi alimwachia koleo. Mwaka wa tatu alirudi nyumbani na koleo lake mwenyewe, akaanza na kochi la jirani. Kochi baada ya kochi, Nzisa alimaliza shule, akasomea uuguzi, akapata kazi mjini Wote.

Mwezi wa tano Nzisa alimpigia simu, akamwita mama kwa Kikamba kama kawaida yake.

"Mwaitu, watu wa Kyule wanataka kuja."

Kyule alikuwa mchumba wake, kijana mpole aliyefanya kazi ya mbegu kule Kiboko. Kuja maana yake ilikuwa moja tu: kuleta mbuzi wa ntheo, wale watatu ambao bila wao, kwa Wakamba, mwanamke anaweza kuzaa watoto kumi na bado akahesabiwa msichana wa kwao.

"Waje," Kalunde alisema. Akakata simu, akazitazama stuli zake kwa jicho la mgeni. Hazikumpendeza.

Mwezi huohuo mhadhiri mmoja alikuwa akihama. Nyuma ya nyumba yake alikuwa ametupa viti sita vya meza ya chakula, na mvua mbili zilikuwa zimevipata. Kitambaa kilikuwa kimeoza, sponji limekuwa unga, na mmoja wa miguu ulicheza kama jino la mtoto. Lakini Kalunde alipokwaruza kwa ukucha chini ya kalio, pale pa kukalia, aliona mbao: mvule, nzito, isiyo na mdudu hata mmoja. Mhadhiri alimwachia vyote kwa bei ya kuni.

Alianza kwa kuvivua. Alikigeuza kiti miguu juu, akalegeza skrubu nne, akalitoa kalio, akaling'oa stepo, misumari ile midogo ya kubania kitambaa, mojamoja kwa bisibisi bapa na koleo. Kitambaa cha zamani hakukitupa. Alikitandaza juu ya kipya ili akikatie kwa kipimo chake. Chini ya kalio alisuka upya mikanda ya mpira wa tyubu, akaivuta mpaka ikalia ilipopigwa kwa kidole. Ule mguu uliocheza aliutia gundi na kuufunga kwa mpira wa baiskeli usiku na mchana. Kisha msasa, kisha vanishi, mara tatu, akingoja ikauke kila mara, na akimfukuza kuku asije akaacha vumbi.

Kitambaa alikifuata kwa Bushra. Familia ya Bushra ilitoka pwani zamani, na duka lao la vitambaa mjini Kitui lilikuwa la babu yake. Walikuwa wamejuana tangu siku za kufagia.

Bushra alipomwona akipapasa veleti ya kijani kibichi alishangaa. "Mama Nzisa, hiki mteja wako wa Kwa Vonza hakichukui."

"Si cha mteja."

"Cha nani basi?"

"Changu. Wakwe wanakuja."

Bushra alipiga kigelegele kimoja kifupi pale pale nyuma ya kaunta, akamkatia na kumwongezea kipande juu.

Veleti ina hila yake. Ukipitisha kiganja upande mmoja inang'aa, upande wa pili inakuwa nyeusi. Fundi mvivu huikata ovyo, na viti vya seti moja vikaonekana kama vimetoka nyumba mbili. Kalunde aliikata yote ikiangalia upande mmoja. Akavuta, akapiga stepo, akazikunja pembe kama shuka la hospitali. Kufikia mwisho wa mwezi wa saba viti vinne vilikuwa tayari, na vilisimama katika chumba chake kidogo kwa namna iliyomfanya apite akivitazama bila sababu.

Nzisa alikuja Jumapili, baada ya kanisa. Alikaa kwenye kimoja, akapitisha kiganja mbele na nyuma.

"Ni vizuri sana, mwaitu."

"Ongea," Kalunde alisema. Alimjua mwanawe, sifa zake zilitangulia jambo.

"Baba amesema wageni waje kwake. Matiliku."

"Baba gani?"

"Mwaitu."

"Nauliza tu. Sikujua anajua kuna wageni."

Nzisa aliongea upesi, kama mtu aliyejizoeza njiani. Baba yake Kyule, Mzee Ndolo, alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kushika mambo. Alikuwa ameuliza nyumbani kwao msichana ni wapi, baba yake ni nani, nani atapokea mbuzi. Huwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba baba alienda na lori. Kule Matiliku kulikuwa na geti, na sakafu ya vigae, na mwanamume wa kusimama mbele.

"Mjomba wako Mbithi angepokea," Kalunde alisema. "Ndiye aliyekulipia mtihani."

"Mjomba si baba."

Kalunde aliokota stepo iliyoanguka sakafuni akaiweka ndani ya kopo.

"Kitu kimoja tu," Nzisa akasema. "Baba ana meza, lakini viti vyake haviko sawa. Nilitaka kukuomba twende na hivi."

Baadaye Kalunde alijiuliza mara nyingi kwa nini hakukataa. Pengine ni kwa sababu aliona kwamba, kwa vyovyote vile, wakwe watakalia kazi ya mikono yake. Pengine alidhani kimojawapo kitakuwa chake siku hiyo. Alimalizia viwili vilivyobaki, naye hakuviharakisha wala kuviibia kazi. Kila kalio lilipata stepo zake zote.

Jumamosi ya sherehe alipanda pikapu ya jirani asubuhi na mapema, viti vikiwa vimefungwa mablanketi nyuma, wakazunguka njia ya Machakos na Wote hadi Matiliku. Kasyoka aliwapokea getini. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya upole, na alimwita Kalunde dada. Viti vilipopangwa kuzunguka meza, sebule yote ilibadilika. Mbuvi alitoka chumbani akiwa na koti jipya, akavitazama, akasema, "Sasa hapa ni kwa mtu," kisha ndipo akamsalimia.

Kasyoka alimpa Kalunde aproni. "Tusaidie kidogo jikoni, dada. Wasichana hawa hawajui kukata kachumbari."

Kwa hiyo wageni walipofika aliwaona kwanza kupitia dirisha la jikoni: Mzee Ndolo, mrefu, aliyeshika Biblia ndogo, mkewe, Mama Kyule, mwenye mfuko mkubwa begani, msemaji wao, Kyule mwenyewe, na nyuma yao mbuzi watatu wakivutwa na binamu. Waliketi. Viti sita vilijaa: wageni watatu, Mbuvi, kaka yake, na Kasyoka. Nzisa na Kyule walikaa kwenye sofa. Baada ya maombi wanawake wa jikoni waliitwa waje wasalimie.

Mbuvi alisimama kuwajulisha watu. Alianza na kaka yake, akaja kwa Kasyoka: "Huyu ndiye mama wa nyumba hii." Kisha akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, pale Kalunde aliposimama na aproni yake. "Na huyu ni dada yake, mama mdogo wa Nzisa. Ametoka Kwa Vonza kuja kutusaidia."

Kalunde alimtazama Nzisa. Mtu aliyeshtuka huinua kichwa. Nzisa aliinamisha chake, akaanza kunyoosha ukingo wa gauni lake juu ya goti. Hapo Kalunde akajua kwamba neno lile halikumponyoka Mbuvi mdomoni. Walikuwa wamelipanga.

"Karibu, mama mdogo," Mzee Ndolo alisema kwa heshima, akampa mkono.

"Asante, mzee."

Kisha msemaji wa wageni akasimama. Alisema hawakuja na mbuzi peke yake. Mwanamke aliyembeba binti huyu tumboni, aliyemnyonyesha na kukesha naye akiwa mgonjwa, hawezi kusahauliwa. "Mama wa msichana na asimame, avikwe."

Kasyoka alimtazama Kalunde. Haikuwa dharau; ilikuwa kama anaomba ruhusa, au msamaha. Halafu akasimama. Mama Kyule alitoa mfukoni blanketi jekundu na leso mbili, akamfunika mabegani, akamfunga kiunoni, na vigelegele vikapanda. Kalunde aliona mikono yake mwenyewe ikipiga makofi pamoja na ya wengine.

Baada ya hapo wanaume walisema mbuzi watazamwe na kuombewa, na watu wote wakatoka kwenda nyuma ya nyumba. Chakula kingefuata. Kalunde alibaki sebuleni peke yake. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza. Akachukua viti viwili, kimoja kila mkono, akavipeleka kwenye pikapu.

"Tayari?" jirani mwenye pikapu aliuliza. "Si hamjala?"

"Fungua nyuma."

Alipofikia kiti cha tano wageni walikuwa wamerudi. Mzee Ndolo alisimama katikati ya sebule, mbele ya meza yenye kiti kimoja.

"Mama," alisema, "viti vinakwenda wapi na hatujala?"

"Vinarudi kwa mwenyewe, mzee."

"Mwenyewe nani?"

"Ni viti vya mama wa Nzisa."

Mzee Ndolo akageuka polepole akamtazama Kasyoka, aliyekuwa na blanketi jekundu mabegani. "Si mama wa Nzisa ni huyu?"

Mbuvi alicheka kwa nguvu. "Shemeji yangu huyu ana mzaha! Hebu leteni vile viti vya plastiki, upesi!" Watoto wakakimbia. Lakini Mbuvi mwenyewe alikwenda akaweka kiganja juu ya mgongo wa kiti cha sita, akasema kwa sauti ya chini, "Kalunde, hiki kiache. Tafadhali."

"Toa mkono."

Aliutoa.

Nzisa alimfuata hadi kwenye pikapu, akiinua gauni lisikokote vumbi. Alikuwa analia bila sauti.

"Nilikuwa nitawaambia. Baada ya harusi ningewaambia."

"Ungewaambia nini?"

"Mwaitu, wewe huwajui. Mzee huyu alimkataa msichana wa kwanza wa Kyule kwa sababu mamake hakuwa na bwana. Alimkataa hivyo tu, kanisani, mbele za watu. Ningefanya nini?"

Kalunde alikuwa akifunga kamba. Alilivuta fundo mpaka viganja vikauma. "Ungeniuliza," alisema. "Ungeniuliza mimi kama nitakubali kuwa mama mdogo. Pengine ningekubali."

Njiani jirani aliwasha redio, akaizima.

Wiki tatu zilipita. Nzisa hakupiga simu, na Kalunde naye hakupiga. Viti alivipanga chumbani ukutani, na hakukalia hata kimoja. Alikuwa akichomoa sponji la sofa ya kanisa barazani, mchana mmoja wa Alhamisi, aliposikia gari likisimama. Mzee Ndolo alishuka, kisha mkewe na mfuko wake.

Aliwakaribisha ndani. Hakukuwa na pa kuwakalisha pengine, basi wakakaa kwenye veleti ya kijani. Alipika chai. Mzee Ndolo aliinywa nusu, akaweka kikombe chini.

"Hatujalala vizuri tangu siku ile, mama. Nimekuja kukuuliza jambo moja, na nakuomba unijibu kama mbele ya Mungu. Ulisema viti ni vya mama wa Nzisa. Viti viko hapa. Wewe ni nani wa Nzisa?"

Mama Kyule alikuwa ameufungua mfuko magotini. Kalunde aliona ukingo wa leso mpya, ya manjano, na kitambaa cha blanketi. Akaelewa kwamba mwanamke huyu alikuwa tayari amejibu swali hilo moyoni, na amekuja kusahihisha.

"Kwa nini unauliza, mzee?"

"Kwa sababu mbuzi si kitu. Mbuzi wanaweza kurudi. Lakini binti aliyemkana mama aliyemzaa, mbele ya wageni, ili apate bwana, mimi sitamweka nyumbani kwangu. Leo kamkana mamake, kesho atatukana sisi tukizeeka. Nimemwambia Kyule hivyo. Kama tuliloambiwa Matiliku ni uongo, harusi imekwisha leo."

Nje, kuku aliruka juu ya sofa ya kanisa. Kalunde alimsikia na hakutoka kumfukuza. Mbele yake zilikuwa zimekaa heshima zote alizozitamani, ndani ya mfuko mmoja, na neno la kuzitoa lilikuwa fupi kuliko jina lake.

"Mama yake ni yule wa Matiliku," alisema. "Mimi ni mama mdogo."

Mzee Ndolo hakuridhika haraka. "Na viti?"

"Viti ni vyangu. Niliviazimisha. Siku ile nilikuwa na hasira, niliwekwa jikoni kama kibarua, nikasema neno la kuwaudhi. Nisamehe, mzee. Nilikosa adabu."

Mama Kyule alikuwa ameinua macho hadi ukutani, palipokuwa na picha ya Nzisa katika sare ya uuguzi, na Kalunde pembeni yake akimshika bega.

"Na hii?" aliuliza taratibu.

"Alikaa kwangu akisoma. Shule ilikuwa karibu."

Mzee Ndolo alipumua, mabega yake yakashuka, akaonekana ghafla mtu mzima aliyechoka na aliyefurahi. Aliomba, maombi marefu, akimshukuru Mungu kwa kuondoa mashaka. Kalunde aliitikia amina. Mama Kyule aliufunga mfuko wake pole pole, zipu yake ikakwama kidogo katikati, akaivuta. Wakati wa kuagana aliushika mkono wa Kalunde, akaugeuza, akautazama.

"Una mikono kama ya Nzisa."

"Ni damu moja, mama."

Jioni simu ililia.

"Mzee amempigia Kyule," Nzisa alisema. Sauti yake ilikuwa nyepesi, kama ya mtoto aliyeondolewa homa. "Amesema yamekwisha, tuendelee. Asante. Asante sana, mwaitu."

"Usiniite hivyo," Kalunde alisema. "Watu watasikia."

"Niko peke yangu."

"Hata hivyo."

Harusi ilifanyika mwezi wa kumi na mbili. Kadi iliyokuja kwa simu iliandikwa jina la Mbuvi na la Kasyoka. Kalunde alisema ana kazi, na kweli alikuwa nayo. Bushra, aliyekwenda, alimpigia baadaye kumwambia gauni lilikuwa zuri, kisha akaanza kuwalaani watu kwa majina, na Kalunde akamwomba anyamaze.

Mwezi wa pili maharusi walikuja kumsalimia, kama inavyotakiwa kuwasalimia watu wa ukoo. Walileta sukari, unga na mkate. Kyule alivisifu viti, akauliza veleti ya namna ile inapatikana wapi, akaandika jina la duka. Alikuwa kijana mzuri kweli. Alimwita mama mdogo kila sentensi ya pili, na kila mara kwa upendo. Nzisa alikaa karibu naye na hakusema mengi. Aliosha vikombe, akavipanga rafuni mahali pake bila kuuliza.

Jua lilipoanza kushuka alifunga mkoba wake, akasimama mlangoni.

"Mama mdogo, sisi tunaondoka," alisema. Alilisema vizuri, bila kujikwaa.

"Haya," Kalunde alisema. "Nendeni salama."

Akawasindikiza hadi barabarani.